Gari la Moshi la Saa Nane Usiku

Kioo cheusi, kijistari kinapepesa
kama jicho la mtu anayengoja useme.
Hapana picha, hapana kitufe cha kubofya.
Kipanya kilikufa mwezi wa Rajabu
na Bwana Karmali hajanunua chengine,
asema bajeti. Haya.

Ofisi yetu iko Shimanzi, juu ya duka la matairi.
Zamu ya usiku tu wawili: mimi, Mwanasiti,
bibi wa wajukuu wawili,
na Kadzo wa Jomvu, aliyenifundisha
kwamba mashine husikia ukiiandikia kwa adabu.
"Andika ls," aliniambia siku ya kwanza,
"hiyo ni hodi. Nyumba itakwambia nani yumo."
Nikabisha. Majina yakajipanga safu,
mafaili niliyodhani yamepotea
yamekaa tu, yanitazama.

Grep nilimpenda kabla sijamwelewa.
Orodha ya meli ina mistari elfu arubaini,
mwenye vigae yu mlangoni tangu alasiri,
kofia mkononi, kontena lake halijulikani liko wapi.
Nikaandika jina lake, nikabonyeza.
Sijameza mate, mstari mmoja ukatoka:
namba, tarehe, yadi ya Makupa, safu ya tisa.
Yule mtu akachungulia nyuma yangu
aone mganga yuko wapi.

Halafu kile kijiti kilichosimama wima.
Kadzo akiita mrija. Mimi naona jiko la arusi:
huyu amenya vitunguu, ampa mwenziwe akate,
wa tatu akaanga, wa nne yu na sinia mlangoni,
na hapana hata mmoja amjuaye bwana arusi.
Grep achague, sort apange,
uniq atoe waliorudiwa, wc ahesabu:
thelathini na saba.
Karani wa mchana alikaa siku mbili
na rula na kalamu nyekundu
akapata thelathini na tisa.

Nikikwama namuuliza man.
Ati jina la kiume; lakini huyu ukimuuliza hujibu,
tena hueleza mpaka umwambie basi, kwa q.
Laiti wote wangekuwa na q.

Ila rm, huyo namhofu.
Haulizi una hakika, hasemi pole.
Nilimtuma afute nakala kuukuu,
nafasi moja ikanitoka mahali pasipo pake,
akafuta Shaabani yote na nusu ya Ramadhani.
Nikaenda chooni nikalia. Nikarudi
nikakuta Kadzo ameniwekea ng'ombe kwenye kioo,
ng'ombe wa mistari na mabano, pembe, kiwele,
na kiputo cha maneno: MWANASITI, CHAI INAPOA.
Nikacheka na kamasi.

Lakini nililotaka kusema ni hili.
Usiku mmoja, saa nane, vidole vimechoka,
nilitaka ls nikaandika sl.
Kutoka ukingo wa kulia likaja gari la moshi,
bomba, magurudumu, moshi wa vitone,
likapita taratibu. Huwezi kulizuia,
bonyeza utakacho, lina mwendo wake.
Kadzo akasema ni mzaha,
adhabu ya wenye haraka.

Mimi nilikuwa Changamwe, umri wa miaka sita,
na baba katoka karakana ya reli,
mafuta meusi kwenye mikunjo ya shingo
yasiyotoka hata kwa sabuni ya mche.
Aliijua injini kwa kikohozi chake.
"Hiyo yatoka Voi," asema, kijiko kimesimama hewani,
"na valvu ya kushoto inamdanganya dereva."
Kisha ndipo ale.

Siku hizi nakosea kwa makusudi.
Kadzo hajui, au ajua na amenisitiri.
Orodha zikiisha, feni ikisita,
naandika herufi mbili kinyume
na naweka mikono pajani.
Lapita. Nasikiliza valvu ya kushoto.
Kisha kijistari kile tena, kinapepesa,
na Bwana Karmali ataka ripoti saa mbili.