Namba 212

Teófilo ana penseli tatu:
nyeusi ya mnandi, buluu ya membe,
nyekundu ya mwari.
Kila mwisho wa mwezi hupanda mwambani
na kuipaka rangi ramani ya kisiwa,
kila doa kundi, kila kundi maelfu.
Miaka kumi na tisa hajakosa mwezi,
ila ule aliokwenda Ayacucho kumzika mamaye.

Mimi nimekuja na vijiti vya pamba.

Tunavaa mavazi meupe, miwani, barakoa;
jasho linashuka mpaka ncha za glavu.
Ndege hawatukimbii. Wanatutazama
kama watu wa foleni
wanavyomtazama anayepenya mbele.
Nohelia anakamata, bawa kwapani, mdomo kiganjani,
nami naingiza kijiti: koo kwanza,
kisha tundu la nyuma, nikiomba radhi
kwa Kihispania, kwa kiumbe asiyekijua.
Kichupa cha maji ya waridi. Kifuniko. Namba. Barafu.
Mia na tisini. Mia mbili.
Wazima hawa, wanang'ata kwelikweli.

Kama dalili ya mvua ni mawingu,
pwani hii imetudanganya tangu tuzaliwe:
ukungu unakaa miezi sita
na tone halidondoki.

Nyuma ya ukuta wa kale wa wachimba samadi
mwari mmoja anazunguka.
Anazunguka palepale, kama aliyeangusha sindano,
shingo imepinda, jicho limeingia maziwa.
Nohelia, asiyekosa la kusema, hakusema.
Nilipompokea alikuwa mwepesi,
mfuko wa mdomo umekauka kama soksi juani.
Mia mbili na kumi na mbili.
Huyu sikumwomba radhi. Nilisahau.

Usiku, supu ya viazi, taa ya karabai.
"Hicho kichupa kitasema lini?"
Wiki tatu, Don Teófilo. Maabara ya Lima imejaa.
"Na wenyewe," akaelekeza kijiko gizani,
kwenye ile kelele isiyolala,
"wao watajua lini?"

Nikanywa supu.

Akakunjua ramani. Kusini akapaka nyekundu,
taratibu, asitoke nje ya mstari;
kisha akachukua kifutio,
akafuta mahali padogo kuliko punje ya mchele,
akapuliza.

Alfajiri mashua ikanichukua, kisanduku magotini.
Kutoka gatini akapaza sauti:
nikirudi, nimletee penseli.

Rangi gani?

Injini ilikuwa imeshawaka.