Makapi

Mashine ya kukoboa kahawa ikinyamaza saa kumi jioni
mji wa Moshi hurudishiwa masikio yake.
Hapo naingia na toroli na magunia kumi na mawili
kuchukua kile kisichotajwa mnadani:
makapi. Maganda mepesi, rangi ya kaki,
yanaruka hata ukiyachekea.

"Beba, Ndekirwa," mlinzi aliniambia mwaka wa kwanza,
"sisi tungeyatupa."
Mwaka huu ananitoza mia tano kwa gunia.
Ndipo nilipojua kwamba si takataka tena.

Baba yangu alichoma mkaa tambarare, ng'ambo ya Kahe.
Simlaumu. Alitusomesha kwa migunga.
Sare yangu ya darasa la tatu ilikuwa mti na nusu,
na malaria ile iliyonilaza Mawenzi
ilitibiwa kwa miti saba. Mama aliihesabu kwa vidole.
Kila akirudi usiku alisema neno lile lile:
"Leo nimetembea mbali kuliko jana."
Hakuwa analalamika. Alikuwa anaupima msitu
kwa futi kamba pekee aliyokuwa nayo,
miguu.

Kwa hiyo nikiyasaga makapi hapa Pasua,
nikiyakanda kwa uji wa unga uliofagiliwa sakafu ya kinu,
nikiyashindilia kwa jeki ya lori lililokufa,
nahesabu kinyumenyume.
Gunia hili, tawi.
Magunia haya yote, labda mgunga mmoja
ambao leo hakuna aliyeufuata.
Labda. Siapi.

Mkaa wangu wa kwanza ulifuka kama mtu mwenye kinyongo.
Mama Aikaeli wa mtori, pale Mbuyuni,
aliurudisha wote, pamoja na masizi, pamoja na maneno.
Nikajifunza kuuanika siku nne badala ya mbili.
Sasa sufuria yake inatokota juu ya makapi tangu alfajiri,
na maganda ya ndizi zake hayaoni dampo:
yanakwenda kwa nguruwe wa Elinami, kule Njoro,
na cha nguruwe kinapanda mlima kwa pikapu ya Jumamosi
hadi kihambani kwa shangazi Eliaichi,
kwenye migomba inayoitilia kivuli kahawa.

Wahenga walisema moto huzaa jivu, wakasikitika:
baba hodari, mwana goigoi.
Shangazi hakuwahi kuukubali msiba huo.
Jivu la mtori analichota kwa kopo la rangi,
analinyunyiza kwenye shina la mbuni, anauambia,
"Haya, na wewe zaa."
Na mbuni unazaa, kwa wakati wake, si kwa haraka yetu.
Buni inashuka mjini, mashine inaamka,
na toroli langu liko mlangoni.

Si akili mpya hii. Bibi zetu walimpa ng'ombe machicha ya mbege,
ng'ombe akailipa migomba deni lake.
Mji ndio uliolikata duara
ukalinyoosha, ukaliita barabara:
ingiza huku, tupa kule,
na kule kukijaa, sogea.

Mwezi uliopita baba alikuja karakanani.
Alichukua vipande viwili akavigonganisha,
kama zamani, asikilize: mkaa mzuri hulia kigae.
Wangu ulilia kama mlango wa jirani.
Akaunusa. Akanyamaza
kwa muda wa sigara moja, ingawa ameacha sigara.
"Huu," akasema, "haukuwahi kulaliwa na ndege."

Sikujua kama ni sifa au ni aibu.
Alifunga vipande vitatu kwenye leso yake,
akaenda zake,
na kwa mara ya kwanza
hakuniambia ametembea umbali gani.