Majina Chini ya Rangi

Walituletea meli ya barafu mwezi wa Machi,
joto la Kilindini limewalevya hata kunguru,
ikapanda gudini na tumbo lake jekundu
kama mtu aliyevaa sweta kwenye harusi ya Kisauni.
Ndogo. Tulicheka. Feri ya Likoni ingeipiga kumbo.
Abiria tisini, tuliambiwa, wazee wenye pesa
wanaolipa ili wakaone mahali pasipo na kitu.

Kazi yangu ilikuwa jina.
Nikaning'inia nyuma, kwenye ubao na kamba mbili,
nikaanza kukwangua LUMINA ili niliandike upya,
na chini ya LUMINA, kwa kijani: SANTA RUFINA.
Nikakwangua tena, mkono haukubali kukatazwa,
na chini kabisa, herufi za chuma: HALLDORA,
H yake imepinda,
kama aliyeichomelea alikuwa akitetemeka.

Rodel mpishi, Mfilipino, alinijazia mapengo.
Halldora alibeba barua na kondoo visiwa vya kaskazini.
Akauzwa. Santa Rufina alibeba wasomi
waliokwenda kuhesabu ngwini, wakakosea, wakarudi.
Akauzwa. Lumina sasa ana kinanda na mabafu.
Kila mume na jina lake,
mbavu ni zile zile.

Badi Mwinjaka alipita chini na nyundo ndogo.
Hakuwa na mashine. Alikuwa na sikio la kushoto.
Hugonga, huegemea. Bamba zima husema ngaa,
na huendelea kusema baada ya nyundo kuondoka.
Karibu na mkuku, moja likasema ndu.
Akaligonga tena. Ndu.
Akalizungushia chaki. Kisha la pili, la tatu,
na mbele kidogo, la nne.

Bwana wa ofisi akashuka na karatasi.
Pesa zilikuwa za mabamba matatu.
La nne alilifuta chaki kwa kiganja, polepole,
kama anayempangusa mtoto uji mdomoni.
Badi aliona. Mimi niliona, brashi mkononi.
Kisha akatupa mkono, sote, ahsanteni sana,
na chaki ile ikabaki kwangu.
Jioni tulilipwa. Tulinunua viazi karai.

Novemba, simu ya Rodel.
Alisema ulikuwa usiku usio na giza.
Alisema haikuwa mlima, ilikuwa kipande tu,
"kama mnachowekea samaki."
Maji yakaanza kwa dobi, yakalowesha mashuka yaliyopigwa pasi,
yakapanda ngazi bila haraka.
Mashua zote zilishuka. Watu wote walishuka,
hata bibi mmoja aliyekuwa akifuma soksi, na sindano zake.
Wakakaa juu ya maji wakiitazama ikilala ubavu,
tezi ikainuka, na jina, alisema Rodel,
likasomeka safi, halijawahi kusomeka vile.
Alidhani ananisifu.

Hakuna aliyekufa.
Neno hili hunifaa mchana.

Binti yangu Mwanasiti hununua barafu ya ukwaju
shilingi kumi, dirishani kwa Mama Riziki.
Huing'ata. Nikisikia inavyopasuka
namwambia, inyonye, mama, usiivunje.
Hunitazama tu. Meno ni yake.

Rangi iliyobaki niliipaka mlango wetu wa Mtongwe,
nyekundu ile ile, mikono miwili.
Chumvi imeanza kuibandua pembeni.
Sijaikwangua. Naogopa kusoma.

Wakishalala, naugonga kwa kifundo cha kidole,
naegemeza sikio la kushoto.
Ndu.
Najua ni mbao. Mbao haijui kusema jingine.
Nagonga tena.