Macho ya Riali Thelathini na Nane

Shaji ameyapanga ndani ya kabati la kioo,
kati ya saa za mkono na mashine za kunyolea,
kama muuza samaki: wakubwa mbele.
Hii, anasema, huona joto.
Sungura kichakani utamwona kama kaa la moto.
Bei haitamki. Anaiandika nyuma ya risiti:
mia nne na ishirini.
Dada yangu Thuweba anacheka hadi anashika meza.
"Kwa fedha hiyo nitaliajiri jua lifanye kazi usiku."

Hii ni ya jeshi fulani, ina herufi za Kirusi,
ndani yake dunia yote kijani, na katikati doa
kama nzi aliyefia kwenye soda.
Mia na kumi. Dhamana hakuna.

Ya mwisho ya plastiki. Nyepesi.
Inakula betri kama mgeni wa arusi anavyokula biriani,
na ina taa yake, taa ambayo jicho la mtu haliioni.
Thelathini na nane.
Thuweba anaigeuza, anaipima kiganjani,
anauliza iko wapi kamba ya shingoni.
Shaji anasukuma na tochi ndogo ya taa ileile, riali tatu.
Ya nini? nasema mimi.
Thuweba keshalipa.

Mama alikuwa akimwita kuku.
Magharibi ikiadhiniwa, Thuweba kashaingia bandani,
ameshika ukuta, anahesabu hatua mpaka kitandani.
Daktari wa Maskati aliupa ugonjwa jina refu,
nasi tukarudi nyumbani na letu fupi.
Miaka arubaini na sita:
nyota kwake ni habari ya kusikia.

Basi kharifu ilipoingia, Salala ikajaa wageni na matope,
tukapanda mlimani kwa Mabkhut, mwenye ngamia,
tukaingia chini ya mikuyu saa tatu usiku.
Ukungu. Akawasha. Akaona maziwa.
Maziwa matupu, mti hakuna, mkono wake hakuna:
taa ilikuwa ikigonga ukungu na kumrudia jichoni.
Nikaanza kumtukana Shaji na ukoo wake.
Mabkhut akanikatiza, kwa Kiarabu chake cha mlimani:
anayemulika ukungu hashiki taa puani.

Ile ya riali tatu, kumbe.

Hivi ndivyo tulivyotembea:
mimi kushoto kwake, mkono nimeunyoosha hadi bega linauma,
nimebeba taa nisiyoiona,
najikwaa kwenye mizizi ninayoimulika mwenyewe,
naye ananiongoza.
"Jiwe. Tawi, inama. Simama, kuna ngamia amelala."
"Wapi?"
"Miguuni pako."
Ndipo nikasikia harufu yake.

Kisha akanyamaza muda mrefu, shingo juu,
majani yakimdondoshea maji kwenye buibui.
Nikamuuliza anaona nini. Hakunijibu.
Alipokishusha kile kidude, alinielekezea mimi.
"Macho yako yanawaka kama ya paka," akasema.
Halafu, taratibu: "Kumbe na wewe umezeeka."
Nikashusha taa.
"Iinue," akasema. "Bado natazama."