Sahihi ya Pili

Kila Ijumaa Leelo humimina naitrojeni.
Ukungu mweupe hufurika ukingoni mwa tangi,
humpanda hadi viwikoni,
naye, ndani ya glavu nene kama za mwoka mikate,
huhesabu mirija kwa midomo tu, bila sauti.

Mrija wa buluu, tundu la tisa:
humo wamo watatu.
Au zimo tatu.
Lugha yangu hainiruhusu kupita hapa kimyakimya,
yanidai ngeli kwanza, kama bawabu adaiye kitambulisho.
Sheria ilishachagua zamani: nyenzo.
Nazo nyenzo zina tarehe ya mwisho.

Nje, Tartu imeganda.
Mto ambao jina lake ni Mama
umejifunika barafu, hausemi na mtu.

Hedvig alikuja Jumanne na fomu mkobani,
sahihi yake imekaa vizuri juu ya mstari wa kwanza.
Mstari wa pili mtupu.
Urmo anaishi Pärnu siku hizi, ana mke, ana mbwa,
na ana haki (wakili alilitamka neno hilo polepole),
haki ya kutofanywa baba
na mtu aliyegawana naye vijiko mahakamani.
Hedvig hakubisha.
Aliuliza tu kama huko ndani kuna baridi sana.
Digrii mia moja tisini na sita chini ya sufuri,
Leelo akajibu, akajuta papo hapo.
Halikuwa swali la namba.

Sindano hamsini na moja zilimwingia tumboni,
Urmo akihesabu, Urmo akishika pamba,
Urmo akigeuza uso ukutani asionekane akilia.
Hilo nalo ni kweli, wala halimo kwenye faili.

Nimejaribu kumlaani mtunga sheria, nimeshindwa.
Namwona: mwanamke mwenye mafua, saa nne usiku,
chai imepoa, anafuta "wanaweza", anaandika "sharti",
akimkumbuka mtu mwingine kabisa
aliyefanywa mzazi kwa nguvu.
Chini ya kila kifungu kuna kidonda cha mtu.
Ila kifungu hakina mkono wa kushika mrija.
Mkono ni wa Leelo,
wenye kovu la kisu cha vitunguu kwenye kidole gumba.

Ijumaa ya mwisho ya Februari aliandika tarehe,
akautoa mrija wa buluu,
akaulaza juu ya meza ya chuma.
Utaratibu wataka dakika kumi katika joto la chumba.
Hausemi afanye nini ndani ya dakika hizo.

Alivua glavu.
Alivuta kiti.
Akakaa nao:
huo mrija, au hao watatu.
Hapo bawabu hakuuliza kitu.