Mlango Haukuwa wa Buluu

Kazi yangu ni kupokea miavuli.
Ukumbi uko juu ya duka la dawa, Niigata,
na Novemba hii mvua haijui kuaga.

Ukutani, picha kumi na moja za Chigusa Onodera,
rangi za maji, nyepesi kama mvuke wa chai.
Watu huingia, husema: "Jamani, watoto wazuri!"
Kisha husogea karibu.
Kisha hunyamaza.

Maana msichana mwenye mkoba mwekundu wa shule
hana mdomo; pale karatasi imeachwa tupu.
Yule wa kando ya mfereji wa mpunga
amebeba samaki wa dhahabu katika mfuko wa nailoni,
na samaki ana macho ya mtu.
Mwingine anatabasamu. Huyo simtazami
ninapozima taa.

Siku ya kutundika, Chigusa aliniambia,
akisawazisha fremu kwa kidole gumba:
rangi ya mafuta hufunika, ya maji haifuniki kitu.
Doa hulifuti. Unalifuata linakokwenda.
Akacheka. Kucha zake zimetafunwa hadi nyamani.

Jumanne, saa tisa, akaja bibi mfupi,
mwavuli wa kijivu ukimchuruzika mkononi.
Hakutaka kunipa.
Akazipita picha kama apitaye majirani asiosalimiana nao,
hadi ya saba: kabati la magodoro,
mlango umeachama upana wa kidole,
na ndani, gizani, magoti mawili.
Giza lenyewe, ukilikazia macho, si jeusi.
Ni rangi ya alama ya kipigo, siku ya nne.

Akasimama. Mwavuli ukafanya kidimbwi miguuni pake.
Nikaenda na kitambaa, nikapiga magoti.
"Mlango haukuwa wa buluu," akasema,
si kwangu.
"Ulikuwa wa maua. Niliubandika karatasi kwa mikono yangu,
asiogope."

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Mimi nilikuwa nafuta sakafu.

Akauliza bei. Nikamwambia hii haiuzwi.
Akainama, kwangu au kwa yale magoti, sijui,
akashuka ngazi taratibu, mkono ukutani.

Mwavuli aliuacha.
Siku ya tisa leo, umekauka, umesimama pekee kwenye ndoo.
Chigusa huja kila asubuhi, huupita kwa mbali kidogo,
na mpaka sasa
hajaniuliza ni wa nani.