Mbuzi ya Kukunia Nazi

Shaame kairudisha mbuzi leo.
Miaka mitatu ilikuwa kwake,
nimeikumbushia hata nikachoka,
nikanunua nyengine sokoni Wete.
Kaisugua, kaipaka mafuta meno,
kaiweka barazani taratibu, kama mtoto aliyelala.

"Haya, Mize. Nisibaki na kitu cha mtu."

Nikacheka. Leo jua limetoka wapi?
Nikarudi jamvini kuchambua karafuu,
vikonyo huku, karafuu huku,
vidole vinaijua kazi, moyo umesimama.
Juzi kamlipa Bi Mafunda deni la sukari.
Jana redio kampa kijana wa Faki,
redio ambayo hata mkewe, Mungu amrehemu,
hakuruhusiwa kugeuza steshini.
Na utulivu huu. Tangu msiba
hajawahi kuwa mtulivu hivi.

Wanasema neno lile halitajwi,
ukilitaja umelialika.
Nililimeza mara mbili njiani,
kanga moja, ndara za watu wawili tofauti,
nikamkuta anafunga dirisha.

"Shaame, unataka kujiua?"

Kuku akapita baina yetu.

Sikumwambia ni dhambi; chuoni kasoma kunishinda.
Sikumwambia wenzako wana makubwa zaidi.
Nilikaa sakafuni, nikanyoosha miguu,
ajue kuwa siondoki.

Kimya kilikuwa kirefu kuliko foleni
ya kuuzia karafuu siku ya bei mpya.
Halafu: "Wewe wa kwanza kuniuliza."
Halafu usingizi usiokuja,
na uchovu usiotokana na kazi.
"Sikutaka kufa, Mize. Nilitaka kupumzika,
sikuona mlango mwengine."

Tukakesha. Nduguye akaja kutoka Ole kwa vespa,
hakusema kitu, akapika chai, ikawa chungu.
Asubuhi, hospitali. Nesi, mtoto mdogo kwangu,
akamuuliza swali lile lile
kwa sauti ya mtu anayeuliza homa ilianza lini.

Hayakwisha siku ile.
Bado kuna usiku ananigongea,
bado kuna siku za kliniki anazozisahau makusudi,
nami namkumbushia
kama nilivyoikumbushia mbuzi.

Mbuzi yenyewe nimempelekea tena.
Nimemwambia, sijakupa, nimekuazima.
Nitakuja kuidai.
Kila Ijumaa nitakuja kuidai,
na wewe kila Ijumaa
uniambie bado.